Mgeni Njoo, Mwenyeji Aulizwe

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa Dzaleka methali hiyo tumeibadilisha bila hata kukaa kikao: mgeni njoo, mwenyeji aulizwe. Anakuja mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ulaya, anauliza. Anakuja mtu wa shirika na tableti yake, anauliza. Anakuja mwingine kutoka Lilongwe na karatasi zilizobanwa vizuri, naye anauliza. Una miaka mingapi, ulitoka nchi gani, mnakula mara ngapi kwa siku, watoto wanasoma au hawasomi. Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambini, na mara kadhaa nimechukuliwa kwa siku chache kama mkalimani au mjazaji wa fomu. Kwa hiyo maswali haya nimeyasikia nikiwa naulizwa, na nimeyasikia nikiwa naandika.

Katika jarida hili tumezoea kuchambua hadithi na mashairi. Leo naomba tuchambue fomu ya maswali, ile ambayo wataalamu wanaiita dodoso. Nayo ni maandishi. Kuna mtu aliyeitunga, kuna lugha aliyoichagua, kuna msomaji anayemlenga, na mara nyingi msomaji huyo si wewe unayejibu. Wengi wetu tukilalamikia utafiti tunasema tu, "Wanatutumia halafu hawarudi." Ni kweli, lakini tatizo linaanza mapema zaidi ya hapo. Hata mtafiti mwenye roho nzuri, anayerudi na kushukuru, anaweza kuondoka na majibu ambayo hayasemi ukweli, kwa sababu ya maneno aliyotumia, watu aliowachagua, na jinsi watu hao walivyomwona yeye. Majibu yakishageuka namba, nani tena atauliza yalipatikanaje?

Nianze na maneno. Kuna swali ambalo linarudi sana kwenye fomu za kupima njaa: je, katika siku 30 zilizopita, mlilazimika kuuza vitu vya nyumbani ili mpate chakula? Ukijibu ndiyo, unahesabiwa kwamba familia imebanwa. Sasa chukua swali hilo kwa Kiswahili sanifu, umsomee mama aliyekulia Lubumbashi. Kwa Kiswahili cha kwao, kuuza ni kutoa pesa ukapata kitu. Kama umempa mtu kitu akakulipa, hapo umeuzisha. Mama anacheka, anajibu: "Mwanangu, feza ya kuuza viti tutatosha wapi?" Mjazaji anasikia "hapana", anabonyeza Hapana. Kumbe mama huyo ameshauzisha sufuria mbili na redio. Kwenye kompyuta ameingia kama mtu ambaye hajabanwa.

Angalia pia neno kaya. Kwenye fomu ni neno la kawaida, lakini wazee wengi waliotoka Kivu hawalijui, wanakuuliza, "Kaya ni nini?" Ukiwaeleza kwa neno jamaa, Mkongo anaelewa familia yake, na mtu wa Tanzania anaelewa ndugu au mtu fulani tu. Au chukua mawazo. Fomu ya afya ya akili inamuuliza kijana, "Je, una mawazo mengi?" Aliyeitunga anataka kujua kama kijana analemewa. Vijana wangu wengine wanajibu kwa furaha, "Ndiyo, ninayo mengi," kisha wanaanza kukueleza mradi wa kufuga kuku.

Watafiti wanalijua tatizo la tafsiri na wana dawa yake. Mtu mmoja anatafsiri fomu kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ile ya mwanzo anairudisha kwenye Kiingereza, halafu wanalinganisha. Dawa hii inasaidia, lakini kwa neno kuuza haitibu kitu. Watafsiri wote wawili wamesoma Kiswahili kilekile cha vitabuni, kwa hiyo neno litakwenda na kurudi salama, na mama wa Lubumbashi ataendelea kusikia jambo lingine. Kinachosaidia ni kukaa na watu wachache wa hapa kabla ya kuanza, kuwasomea swali, na kuwaambia: niambie kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini? Ni kazi ya siku mbili hivi. Katika kazi nilizofanya, sijaona bajeti iliyoitengea hata saa moja.

Kwa watoto shida hii inauma zaidi, maana mtoto hawezi kukusimamisha akasema swali lako halieleweki. Kuna kipimo cha kusoma cha madarasa ya mwanzo kinachojulikana kwa herufi EGRA. Kilianza kutengenezwa mwaka 2006 na shirika la RTI la Marekani kwa fedha za USAID, na kimetumika nchi nyingi, Malawi ikiwemo. Mtoto anakaa mbele ya mpimaji, anaonyeshwa herufi, maneno na kifungu kifupi, na sehemu kadhaa anapewa dakika moja tu. Sikikatai. Kimewaonyesha wakubwa kwamba mtoto anaweza kukaa darasani miaka miwili asijue kusoma neno, jambo ambalo hesabu ya watoto walioandikishwa shuleni ilikuwa inalificha.

Lakini sasa mfikirie mtoto aliyeanza shule Uvira, akafika hapa akiwa na miaka tisa. Herufi alizifundishwa kwa majina ya Kifaransa. A anaiita "a", I anaiita "i". Kwa aliyefundishwa kwa Kiingereza, A ni "ei", I ni "ai", na ile "i" ni jina la E. Mtoto akikutana na mpimaji anayesubiri majina ya Kiingereza, na ambaye hakufundishwa kwamba kuna majina mengine, vokali anazozijua vizuri zitaandikwa kuwa kosa. Akipimwa kwa Chichewa, lugha aliyoanza kuisikia juzi sokoni, dakika moja itamwishia anapotafuta maana. Karatasi itasema hajui kusoma. Ukimpa kifungu cha Kiswahili anasoma mpaka mwisho. Wale waliokitunga kipimo chenyewe walionya kwamba matokeo ya lugha moja yasilinganishwe hivihivi na ya lugha nyingine. Onyo hilo huwa linabaki kwenye mwongozo, halafu jedwali linakwenda mkutanoni peke yake.

Baada ya maneno kuna suala la nani anaulizwa. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Mtafiti anayekuja kwa wiki mbili hawezi kuwafikia wote hao, lazima achague, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kimyakimya. Anaomba msaada kwa mtu wa shirika, mtu wa shirika anamwita kiongozi, kiongozi anawaita watu anaowafahamu. Ndiyo maana kuna watu hapa wameulizwa mpaka wanajua swali linalofuata, na kuna nyumba za kule mwisho wa Katubza hazijawahi kubishiwa hodi.

Hata akichagua nyumba kwa kura, bado hajamaliza. Fomu inauliza mko wangapi nyumbani, na karibu kila mtu anajibu kwa kuangalia kadi. Kadi inasema saba. Kati ya hao saba, mmoja yuko Lilongwe anafanya kazi saluni, mwingine ameolewa Likuni na bado jina lake halijahamishwa. Ndani kuna mpwa analala sakafuni, na jina lake liko kwenye kadi ya shangazi. Ukiuliza "mko wangapi" unapata kadi. Ukiuliza "jana usiku walilala humu watu gani" unapata nyumba. Mtu anayegawa chakula kwa idadi ya watu anapaswa kujua amepata jibu lipi kati ya hayo mawili.

Na yule wa Lilongwe je? Hapa kuna kitabu ambacho ningependa kila mtafiti wa wakimbizi akisome kabla ya kupanda basi la kuja huku. Ni Purity and Exile cha Liisa Malkki, kilichotoka mwaka 1995. Rafiki yangu anayesoma chuo kwa njia ya intaneti alinisaidia kukipitia, kwa sababu Kiingereza chake ni kigumu. Malkki alikaa Tanzania kati ya 1985 na 1986 na Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Hakukaa kambini peke yake. Alikaa Mishamo, ambayo ni makazi ya wakimbizi, na alikaa Kigoma mjini. Watu ni walewale, waliokimbia jambo lilelile. Lakini Mishamo alikuta watu wanaosimulia historia moja kwa pamoja, wanaojiona kama taifa lililo uhamishoni. Kigoma alikuta watu waliojichanganya, wanaovaa utambulisho huu leo na ule kesho, ambao wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi.

Hebu fikiria angekaa Mishamo tu. Angeandika kwamba wakimbizi wa Burundi wanafikiri hivi na hivi, na kila ushahidi aliokuwa nao ungemuunga mkono. Angekuwa ameeleza kambi inavyomfanya mtu, huku akidhani ameeleza Warundi. Kitabu chenyewe kina mambo ya kubishania, hasa jinsi masimulizi ya watu wengi yanavyounganishwa mpaka yanasikika kama sauti moja. Hata hivyo, kwa kukaa sehemu mbili mwandishi alijipa njia ya kujua kama amekosea. Watafiti wengi wanaokuja Dzaleka hawana njia hiyo.

Kwetu sasa imekuwa ngumu zaidi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1987, ikaweka vizuizi kwenye vipengele kadhaa, vikiwemo vya kazi, elimu na uhuru wa kwenda utakako. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi waliwakamata watu Lilongwe na kuwaleta huku. Wale waliobaki mjini, nani kati yao atamfungulia mlango mgeni mwenye fomu? Mwenye duka anayeweza kukueleza jinsi mkimbizi anavyojitegemea ndiye mwenye sababu kubwa ya kutoonekana. Kwa hiyo ripoti inayosema "wakimbizi wa Malawi" inasema kwa kweli "wakimbizi wa Malawi waliokuwa kambini, wakaitwa, wakakubali". Si dhambi kuandika hivyo. Dhambi ni kufuta yale maneno ya mwisho.

Halafu kuna sababu ya mtu kujibu. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kabla sijafungua fomu, "Dada, hii ni ya kesi?" Nikamwambia, hapana mzee, ni utafiti tu. Akatulia, akasema, "Basi andika unavyojua wewe." Jibu lake linachekesha, lakini lina somo. Kwake maswali yalikuwa ya aina mbili: yale yanayoweza kumpeleka nchi ya tatu au kumpunguzia posho, na yale yasiyo na maana yoyote. Aina ya kwanza anajibu kwa makini na kwa hofu, aina ya pili anajibu ili umalize uende. Hakuna kati yake na sisi nafasi ya swali linaloulizwa ili watu wajue tu.

Hii si kusema wakimbizi ni waongo. Mtu akijua kwamba jibu lake linaweza kumkatia chakula, kujibu kwa hesabu ni akili. Kakuma, Kenya, mwaka 2025 familia ziligawanywa katika makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la nne likaambiwa halitapata msaada wa chakula. Watu waliandamana. Baada ya jambo kama hilo, hakuna mtu yeyote katika kambi yoyote ya ukanda huu atakayesikia swali la "mnakula mara ngapi kwa siku" kama swali la kawaida. Mtafiti hawezi kuiondoa hofu hiyo kwa kusoma kile kipande cha karatasi kinachosema kushiriki ni kwa hiari. Anachoweza ni kuipima. Amtume mtu wa shirika nyumba hizi, amtume kijana asiye na kitambulisho cha shirika nyumba zile, swali liwe lilelile, kisha aone majibu yanapishana kiasi gani. Kupishana huko ndiko uzito wa hofu, nao uandikwe kwenye ripoti.

Kwa upande wa vijana, ambao ndio kazi yangu, fomu zetu ni za kabla na baada. Kabla ya mafunzo kijana anajipa alama 1 hadi 5, baada ya mafunzo anajipa tena. Kijana mmoja aliingia mafunzo ya kompyuta akajipa 5, maana alikuwa anatumia simu vizuri. Baada ya miezi mitatu akajipa 3. Alikuwa ameshajua kompyuta ni nini, akaona safari bado ndefu. Kwenye jedwali tulimharibu. Na wale walioacha katikati kwa sababu walipata kibarua au walikosa chakula hawamo kabisa kwenye fomu ya pili, hivyo wastani unapanda kwa kuwa wenye shida wameondoka. Ripoti inasema mafunzo yamefaulu. Labda kweli yamefaulu, lakini si karatasi hiyo inayoonyesha.

Nisiseme kwamba watafiti wenyewe hawajaliona hili. Mwaka 2003 Karen Jacobsen na Loren Landau waliandika makala wakiwakosoa wenzao waziwazi: kwamba tafiti nyingi za wakimbizi hazielezi watu walichaguliwaje, zinategemea watu wachache walioelekezana wao kwa wao, na hazina wa kulinganisha nao. Nakubaliana nao karibu yote. Tunapoachana ni pale wanapomtazama msaidizi wa hapahapa kama mlango wa upendeleo na hatari. Ni kweli, mimi nina kabila, nina kanisa, nina majirani tusiosalimiana. Lakini mgeni naye ana pasipoti na gari lenye nembo ubavuni. Kunitoa mimi hakumfanyi yeye kuwa bure. Naomba jina la kazi yangu liandikwe kwenye ripoti pamoja na lugha nilizotumia na sehemu niliyofanyia, ili msomaji apime mwenyewe. Kwenye ripoti nyingi nilizoziona, mkalimani amepewa nusu sentensi.

Mwishowe, kurudisha matokeo. Sisi sote tunadai yarudi, na mimi pia nadai. Ila tusidhani yakirudi kila kitu kitabadilika. Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuwa na wazo zuri: kupima watoto nyumbani, pamoja na wasiosoma shule, na kumwambia mzazi papo hapo mtoto wake anajua nini. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walikwenda vijijini Kenya kuangalia kama wazazi walioambiwa walichukua hatua zaidi kuliko wasioambiwa. Mwaka 2014 walichapisha jibu: hawakuona tofauti ya maana. Nawaheshimu kwa kuchapisha jibu ambalo halimfurahishi mtu. Linatufundisha kwamba mzazi akiambiwa mtoto hajui kusoma, bado anahitaji kujua afanye nini, aende kwa nani, na kama atasikilizwa. Ripoti ya Kiingereza inayosomwa kwenye hoteli Lilongwe haijarudi kwetu. Lakini hata ile ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani haijamaliza kazi kama haisemi nani anawajibika kwa kila jambo.

Kwa hiyo kikundi chetu cha vijana kimeanzisha daftari. Kila mgeni wa maswali tunayekutana naye tunamwomba kwa heshima atueleze mambo machache: unatafuta kujua nini, umetuchaguaje, nani ameachwa nje, fomu ilijaribiwa na watu wa wapi, nani anatafsiri, matokeo utayaleta wapi na kwa lugha gani. Wapo wanaofurahi, wanakaa na kueleza mpaka chai inapoa. Wapo wanaosema watatuma barua pepe. Tunaandika yote. Ukiulizwa wiki hii, hata kama ni mtaa wa Kawale au Lisungwi, pita kwetu jioni utusomee swali jinsi lilivyosemwa, neno kwa neno, na utuambie wewe ulisikia nini.